Mtoto Asiyebebwa wa Witoni

Wapo watakaouliza Witoni iko upande gani wa dunia, na mtu hupita njia gani kufika. Waache waulize. Sisi tutakuwa tumekwisha fika, tumekwisha karibishwa, na pengine tumekwisha vunja sheria, kama alivyofanya Bi. Siwazuri binti Shomari siku ile ile aliyoingia.

Bi. Siwazuri alikuwa mjane mwenye sauti kavu na subira fupi, aliyesomesha watoto wa watu mpaka akachoshwa na wazazi wao. Kilichomtoa kwao ni ugomvi. Watu wa mtaa mmoja, waliozoea kula sinia moja, walikuwa wamegawanyika juu ya jina la kumwitia Muumba. Wengine walishikilia kuwa jina la haki ni Mungu, maana ndilo walilolikuta kwa mababu. Wengine wakasema sivyo, ni Mola, maana hilo limekuja na vitabu na elimu. Kaka zake wawili walifika mahali pa kusimama pande mbili za kaburi la mama yao, kila mmoja akiomba kwa sauti ya juu ili dua ya mwenzake isisikike. Bi. Siwazuri aliona aibu. Baadaye akasikia kwamba iko nchi ambako jambo hilo limekwisha tatuliwa kwa sheria na watu wanaishi kwa raha, basi akafunga mzigo wake.

Ni kweli kwamba lilikuwa limetatuliwa kwa sheria. Hiyo raha tutaitazama.

Mlangoni mwa mji aliulizwa swali ambalo kila mgeni huulizwa kabla hata ya kupewa maji: "Kwenu mnamwitaje?"

"Inategemea," akajibu Bi. Siwazuri. "Nikiogopa husema Yarabi. Nikichoka husema Mola wangu. Mwizi akiniibia kuku, namwachia Mungu."

Bawabu alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa asiyejijua. Akamweleza kuwa Witoni mtu huwa na jina moja tu, nalo ni la ukoo wake, na kwamba jina halali ni lile tu lililopatikana katika shida ya kweli, mbele ya mashahidi, na shida yenyewe iwe imekwisha. Majina ya kuogopea na majina ya kuku hayatambuliki. Hata hivyo akamruhusu apite, kwa sharti asiombe kwa sauti ndani ya mipaka ya mji.

Siku hiyo ya kwanza Bi. Siwazuri alitembea akiangalia, na mengi aliyoyaona yalimpendeza. Kila ukoo ulikuwa na Mtunza Asili wake, mtu aliyeihifadhi moyoni habari ya shida ile ya kwanza na kuisimulia kwa watoto. Watu wa ukoo wa Kamba walimwita Mungu kwa jina la Mwenye Kamba, kwa sababu mzee wao wa kwanza alitumbukia shimoni, kamba ikashuka kutoka juu, akapanda, na alipofika hakumkuta aliyeishika. Watu wa ukoo wa Baridi walimwita Mpozaji, kwa sababu bibi yao wa kwanza aliunguzwa na homa mpaka akakatiwa tamaa, kisha upepo wa baridi ukaingia chumbani na homa ikamwacha. Wengine walimwita Mfungua Mlango, na hao nao walikuwa na habari yao nzito ya vita na ngome. Bi. Siwazuri alizisikiliza zote na machozi yakamlengalenga, maana aliona kuwa hapa majina hayakuokotwa njiani. Yalitoka kwa watu walioshukuru.

Lakini shukrani ikikaa sana mikononi mwa maafisa hugeuka kuwa kitu kingine. Watu wa Kamba, kwa heshima ya ile kamba, hawakufunga kamba kitu chochote, hata mbuzi. Na mbuzi wao walizurura mji mzima wakila mboga za watu. Watu wa Baridi hawakuthubutu kupasha chakula moto, wakala ugali uliolala na maharage yaliyoganda, na mgeni akipuliza chai mbele yao waliona amekufuru. Watu wa Mfungua Mlango hawakuweka milango, na nyumbani kwao ndiko walikolala kuku wa majirani wote. Ukoo wa Kamba ulikuwa umekwisha pasuka vipande viwili, kwa kuwa nusu waliamini kamba ile ilikuwa ya katani na nusu waliamini ilikuwa ya makumbi, na nusu hizo hazikuzikana.

Juu ya yote lilikaa Baraza la Asili. Alikuwapo humo afisa aliyeitwa Mpima Sauti, ambaye kazi yake ilikuwa kushika unyoya wa njiwa mbele ya midomo ya mwombaji. Unyoya usipotikisika inavyotakiwa, dua ilihesabiwa kuwa haikuombwa. Wazee waliong'oka meno ya mbele walilazimika kuombewa na jamaa zao, na mzee asiye na meno wala jamaa alishauriwa avumilie.

Basi jioni, Bi. Siwazuri akikaribia bombani, aliwaona mume na mke wanateka maji. Mume alikuwa amejitwika kuni, ndoo mkono huu, ndoo mkono huu, na begani ameweka viatu vidogo vya mtoto. Mke alikuwa amembeba mtoto mgongoni, mtoto mkubwa wa kutosha kutembea, mzito, anayelia kwa kuota meno. Mama yule alikuwa amekonda, na mabega yake yalikuwa yameinama kama ya mtu aliyemzidi umri sana. Mume alimtazama mtoto kwa jicho ambalo Bi. Siwazuri hakulielewa. Alimtazama kama mtu mwenye njaa aliyesimama nje ya hoteli.

Pale penye matope mama aliteleza. Kanga ikalegea, mtoto akaanza kuporomoka kichwa mbele, na baba, aliyekuwa karibu zaidi, akasimama wima na ndoo zake, hakunyoosha mkono. Bi. Siwazuri alimdaka mtoto, akampakata, akamfuta pua kwa upindo wa kanga yake, akamgeukia yule mwanamume akiwa tayari kumkata maini kwa maneno.

Hakupata nafasi. Watu wote bombani walikuwa wametua ndoo zao, wanamtazama. Mama wa mtoto alikuwa amekaa kwenye matope, ameshika kichwa.

"Bibi," akasema, "umefanya nini, bibi yangu."

Jina lake lilikuwa Mize, mumewe aliitwa Pandu, na habari yao Bi. Siwazuri aliisikia usiku ule ule akiwa ameketi jikoni kwao, maana hakuruhusiwa tena kulala kwingine.

Witoni mtoto akizaliwa hunong'onezwa sikioni jina la Mungu la ukoo wake. Kabla ya hapo hahesabiwi kuwa mtu wa Witoni. Yeye ni mgeni tu aliyefikia kwa mama yake, hapewi jina, na hakuna ruhusa kwa yeyote kumbeba isipokuwa mama huyo aliyemfikia. Kwa kawaida jambo hili huchukua muda mfupi, watu wanakula, wanaimba, wanatawanyika. Lakini Mize alikuwa wa ukoo wa Kamba na Pandu alikuwa wa ukoo wa Baridi, na Mize alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kama wafanyavyo wanawake wengi. Ilikuwapo sheria iliyosema kuwa jina hufuata damu ya baba. Ilikuwapo nyingine iliyosema kuwa jina hufuata kizingiti cha nyumba aliyozaliwa mtoto. Sheria zote mbili zilipitishwa na Baraza lile lile siku moja, moja kabla ya chakula cha mchana na nyingine baada yake, na hakuna afisa aliyetaka kukiri kuwa alikuwa amesinzia.

"Kwa hiyo hujawahi kumbeba?" Bi. Siwazuri alimwuliza Pandu.

"Sijawahi, mama," akajibu. "Huyu nimembebea kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe." Akageuza uso, akachochea moto wa mkewe, ambao haukuhitaji kuchochewa.

Mize alikuwa amempa mtoto jina la siri, Chumu, na alimwita hivyo kwa sauti ya chini. Alisema kwamba wamebakiwa na muda hadi sikukuu ya mji. Ikifika sikukuu kesi yao mbele ya Baraza haijakatwa, Chumu atapelekwa katika Nyumba ya Kungoja, alelewe na Baraza mpaka hukumu itakapopatikana. Bi. Siwazuri alikuwa ameipita nyumba hiyo mchana. Alikuwa amemwona mlangoni mtu mwenye mvi, anaota jua, na alipomwamkia shikamoo yule mtu aliona haya. "Mimi bado mtoto," alimwambia. "Wanatafuta jina langu."

"Sasa wewe umembeba," Mize akaendelea, "na sheria inasema anayembeba mtoto asiye na jina ndiye shahidi wake. Kesho utaulizwa mbele ya Baraza: ulipomwinua, ulikuwa na jina gani la Mungu moyoni? Hilo utakalolitaja ndilo litakuwa lake. Ukitaja la Kamba, upande wa baba yake hautamgusa maisha. Ukitaja la Baridi, upande wangu hautamgusa. Na ukisema hukuwa na jina, anakwenda Nyumba ya Kungoja kesho hiyo hiyo, bila kungoja sikukuu."

Bi. Siwazuri alijaribu kukumbuka alikuwa na nini moyoni pale bombani. Alikumbuka matope.

Asubuhi, kabla hajanawa uso, alipata wageni. Alikuja mjomba wa Mize, Mzee Vuai, Mtunza Asili wa ukoo wa Kamba, mtu mpole mwenye sauti nzuri, akamletea mkate wa kumimina na kumwomba amkumbuke Mwenye Kamba. "Sikulazimishi, dada yangu," alisema. "Lakini mtoto alikuwa anaanguka, nawe ukamdaka. Kuanguka na kudakwa ni habari yetu kabisa."

Alipoondoka akaja mama yake Pandu, Bi. Mosi, na huyu hakuleta kitu. Alikuwa Mtunza Asili wa ukoo wa Baridi, mrefu, mkavu, kanga imefungwa barabara. Pandu na Mize walisimama alipoingia. Bi. Mosi hakumtazama mtoto, ingawa mtoto alimnyooshea mikono, bali alishusha macho kwenye sakafu na kuyaweka hapo.

"Mgeni," akasema, "mimi sikuja kukurai. Ninaishi nyumba ya pili kutoka hapa. Nimemsikia akijifunza kukaa, nimemsikia akijifunza kusimama, yote kwa kupitia ukutani. Kama jina letu ni la kweli, sitalivunja kwa sababu roho yangu inauma. Ungekuwa wewe ungelivunja?"

"Ningemchukua mjukuu wangu," akasema Bi. Siwazuri.

"Ndiyo maana wewe ni mtu wa majina mengi," Bi. Mosi akamjibu, akaondoka. Nyuma yake Mize alilia. Alisema kuwa mkwe wake si mtu mbaya, na kwamba hilo ndilo linalomchosha zaidi.

Baraza lilikutana asubuhi hiyo, na watu walijaa hadi madirishani. Mkuu wa Baraza, Bwana Makame Ussi, alikuwa mzee mnene mwenye adabu nyingi, aliyesikiliza kila kitu akiwa amefumba macho. Mize aliketishwa mbele na Chumu mapajani. Chumu hakuwa na habari ya heshima ya mahali. Alilia tangu kikao kilipofunguliwa. Ufizi ulimuuma, alikuwa na usingizi, na kila alipojaribu kushuka apate kutembea, bawabu alimwashiria mama yake amshike. Bwana Makame aliomba mara kwa mara, kwa upole, kwamba mgeni mdogo anyamazishwe.

Maafisa walibishana kwanza kama ushahidi wa mgeni unakubalika. Mmoja akasema mgeni hana jina la Mungu, hivyo hana moyo wa kisheria wa kuwekea jina. Mwingine akasema moyo upo ila haujasajiliwa. Mpima Sauti akaomba unyoya, akamtaka Bi. Siwazuri atamke "Mpozaji" na "Mwenye Kamba", ili ionekane ni lipi mdomo wake unalipenda zaidi. Unyoya ukatikisika kwa yote mawili sawasawa, kisha ukamwingia puani akapiga chafya, na chafya hiyo ikajadiliwa kwa kirefu.

Hatimaye Bwana Makame aliamuru kila ukoo usimulie asili ya jina lake, ili shahidi akumbuke vizuri kabla ya kuapa.

Mzee Vuai alisimama. Hakika alijua kusimulia. Watu waliokuwa wanaongea waliacha. "Mzee wetu wa kwanza alikuwa akisafiri peke yake, akatumbukia shimoni. Giza, maji yamfikia kifuani, kuta zinateleza. Akakaa humo mpaka nguvu zikamwisha. Akaita. Kamba ikashuka. Akaishika, akapanda, akatoka juani. Akatazama huku na huku, hakumwona aliyeishusha. Akasema: tangu leo huyu kwangu ni Mwenye Kamba."

Kisha akasimama Bi. Mosi, naye hakupaza sauti hata kidogo, na watu wakainamisha vichwa wamsikie. "Bibi yetu wa kwanza alishikwa na homa. Mwili uliwaka kama mkaa. Waliomuuguza wakatoka nje kwenda kuchagua mahali pa kumzika, akabaki peke yake. Akaita. Upepo wa baridi ukaingia, ukamlaza, akaamka mzima. Akasema: tangu leo huyu kwangu ni Mpozaji."

Sasa, Bi. Siwazuri alikuwa na tabia moja mbaya, ambayo marehemu mumewe aliilalamikia mpaka mwisho: hakuweza kusikiliza hadithi bila kuikatiza. Bwana Makame alikuwa ameanza kumwapisha, naye akasema, "Samahani. Aliita nani?"

"Nani?" akauliza Bwana Makame.

"Huyo mzee wa shimoni. Mmesema aliita, kisha kamba ikashuka, kisha akamwita Mwenye Kamba. Lakini alipoita, kamba ilikuwa bado. Sasa aliita kwa jina gani?"

Mzee Vuai aliwageukia maafisa. Afisa mmoja akasema bila shaka mzee aliita "Mwenye Kamba", kwa kuwa watu wa kale walikuwa na maono. Mwenzake akampinga, akasema hiyo isingekuwa dua tena bali kuagiza bidhaa. Mpima Sauti akaeleza kuwa mtu aliyezama mpaka kifuani hawezi kutikisa unyoya, na kwa hiyo kitaalamu hakuita. Hapo watu wa Kamba walipiga kelele, wa katani na wa makumbi kwa pamoja, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kwa nusu hizo mbili kusema neno moja.

"Na bibi wa homa?" Bi. Siwazuri akauliza. Hakuwa na ujanja wowote. Alitaka kujua tu. "Upepo ulikuwa haujaingia. Yeye aliita nani?"

Macho yote yalimgeukia Bi. Mosi. Yule mama alishika fundo la kanga. Angeweza kusema kuwa haikusimuliwa, na hakuna ambaye angembishia, maana asili ile ilikuwa moyoni mwake peke yake. Uso ulimshuka. Pandu alipiga hatua kumwendea, naye akamzuia kwa kiganja.

"Pana maneno hapo ambayo huwa tunayaruka," akasema. "Mama yangu alinifundisha, akaniambia niyajue lakini nisiyaseme mbele za watu, maana hayampendezi bibi wa ukoo." Akakaza fundo lile. "Hakuita jina. Hakuwa nalo. Alilia. Alilia kama mtoto mchanga, bila neno lolote, mpaka upepo ukaingia."

Ukumbi mzima ulitulia, na kwa kuwa ulitulia, kilio cha Chumu kikasikika vizuri zaidi.

Mzee Vuai alijifuta paji la uso. "Nasi tunaruka mahali," akasema kwa sauti ndogo isiyokuwa ile yake ya kusimulia. "Yule mzee shimoni alimlilia mama yake. Mama aliyekwisha kufa. Babu alisema tusitie maneno hayo, watu watatucheka."

"Akajibiwa?" akauliza Bi. Siwazuri.

"Nisingekuwapo hapa, dada, kama hakujibiwa."

Bwana Makame alikuwa amefumbua macho. Aliwaangalia Watunza Asili, akaangalia maafisa wake, kisha akamgeukia shahidi na kumwuliza swali alilopaswa kumwuliza tangu mwanzo: alipomwinua mtoto pale bombani, alikuwa na jina gani moyoni?

Bi. Siwazuri alijua neno moja tu la uongo lingetosha kumwacha Chumu na nusu ya watu wake, na kwamba neno la kweli lingemtoa kwa wote. Akamtazama Mize, na Mize, aliyekuwa na haki ya kumsihi kwa macho, hakumsihi. Alikuwa anambembeleza mtoto tu.

"Sikuwa na jina lolote," akasema. "Mtoto alikuwa anaanguka. Lakini, Bwana Mkuu, huyu mnayetaka kumpeleka akangoje huko, hebu msikilizeni. Wazee wenu walilia, wakaitikiwa, ndipo wakapata jina la kushukuru. Yeye anaita tangu asubuhi, na sisi tunamwambia anyamaze mpaka tumpatie jina la kuitia."

Mtu mmoja dirishani alianza kulia, bila kujificha, mtu mzima mwenye mvi, yule wa Nyumba ya Kungoja.

Nisidanganye kwamba Baraza lilibadilika siku hiyo likawa Baraza jingine. Maafisa waliitana pembeni, wakanong'ona, wakapandisha mabega. Lakini Bwana Makame, ambaye alikuwa mtu wa sheria kuliko mtu wa ugomvi, aliona ametegwa na sheria yake mwenyewe, na nadhani alifurahi kutegwa. Alitamka kuwa, kwa vile imethibitika kwa vinywa vya Watunza Asili kwamba waanzilishi wa koo walimwita Mungu kabla ya kuwa na jina, na kwa vile mtoto huyu naye amekuwa akiita bila jina mbele ya Baraza zima tena kwa kusumbua sana, basi yuko mahali pale pale waliposimama wazee hao, na aliye mahali pa wazee si mgeni. Atachagua jina la kushukuru siku atakapokuwa na la kushukuria. Akitaka mawili, achukue mawili. Na kabla ya siku hiyo, abebwe.

"Na wale wa Nyumba ya Kungoja?" akauliza bawabu.

"Wao pia," akasema Bwana Makame. "Waambieni waende nyumbani." Kisha akaongeza kuwa itaundwa kamati ya kuchunguza namna sahihi ya kulia, na Mpima Sauti akachaguliwa mwenyekiti, ili naye asikose kazi.

Bi. Siwazuri alikaa kwenye benchi. Aliwafikiria kaka zake. Akaona kuwa akirudi hatawaletea hukumu yoyote. Atawaketisha, atawapa chai, na atawauliza mama yao aliita nini saa aliyokuwa akiwazaa, na wao wenyewe, walipotoka wakilia, waliita kwa jina gani.

Watu walikuwa wanasimama kuondoka, lakini njia ilikuwa imezibwa. Bi. Mosi alikuwa amevuka ukumbi na kusimama mbele ya mkwewe. Mikono yake ilikuwa imening'inia, kama ya mtu asiyejua aitumie vipi.

"Mize," akasema. "Nimekukosea, mwanangu. Naweza?"

Mize alimnyanyua mtoto. Chumu, ambaye hakuwahi kushikwa na mtu mwingine ila mama yake na mgeni mmoja bombani, alishangaa kidogo, akakamata hereni ya bibi yake, akaivuta, na kilio kikamkatika njiani. Bi. Mosi aliyumba. Akapanua miguu apate kusimama sawasawa, akamweka vizuri kiunoni, na machozi yakimtiririka bila kuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi, akamgeukia mwanawe Pandu.

"Kumbe ni mzito hivi," akasema.

"Nipe nami, mama," akasema Pandu.

"Subiri," akasema Bi. Mosi. "Subiri kwanza."